Baiskeli kwenye Migongo ya Mlima Kenya: Kutoka Embu hadi Meru

Uendeshaji wa baiskeli za barabarani, yaani zile baiskeli nyepesi zenye matairi membamba na giya nyingi zilizoundwa kwa safari ndefu za lami, ni mchezo ambao nchini Kenya huzungumzwa zaidi pale zinapotajwa Iten, Eldoret na Kikuyu, huku upande wa mashariki wa Mlima Kenya ukitajwa kwa nadra sana. Hali hiyo inashangaza, kwa kuwa barabara inayotoka mji wa Embu, ikapita Runyenjes, Chuka na Nkubu, kisha ikafika Meru, ina karibu kila kitu ambacho mwendeshaji baiskeli hukitafuta: vilima visivyokwisha, misitu, mito ya maji baridi, vijiji vilivyoshikana, na mahali pengi palipobeba historia nzito ya nchi. Makala haya yanakusudia kuieleza barabara hiyo kwa jicho la mtu aliye juu ya baiskeli, na kuonyesha kwamba umbo la ardhi ndilo lililoongoza namna watu walivyokaa, walivyolima na walivyopigana katika eneo hilo, na kwamba mwendo wa baiskeli unamwezesha msafiri kuuona uhusiano huo waziwazi kuliko mwendo wa matatu.

Jambo la kwanza kulielewa ni mlima wenyewe. Mlima Kenya, ambao kilele chake cha Batian kina kimo cha mita 5,199, ni volkano iliyozimika zamani sana, na kwa muda wa miaka mingi mvua na barafu zimeuchonga mteremko wake kwa mito inayotawanyika kutoka juu kuelekea kila upande, mfano wa mbavu za mwavuli uliofunguliwa. Upande wa kusini na mashariki, ambao hupokea mvua nyingi zaidi kutokana na pepo zinazotoka Bahari ya Hindi, mito hiyo ni mingi na mabonde yake yamezama sana. Rupingazi, Ena, Thuci, Ruguti, Tungu, Nithi, Maara, Mutonga, Thingithu na Kathita ni baadhi tu ya majina yake, na maji ya yote hatimaye huingia katika Mto Tana. Kati ya mto mmoja na mwingine hubaki mgongo wa ardhi, yaani ukanda mrefu ulioinuka ambao huanzia msituni na kushuka taratibu hadi nyanda kavu za Tharaka na Mbeere.

Kutokana na umbo hilo, eneo zima lina barabara za aina mbili ambazo kwa mwendeshaji baiskeli zina tabia tofauti kabisa. Aina ya kwanza ni zile zinazofuata mgongo mmoja kutoka chini kwenda juu, mathalani zinazopanda kutoka Embu kuelekea Manyatta na Kianjokoma, na hizo humpa mwendeshaji mpando mmoja mrefu ulio na mwinuko wa kadiri. Aina ya pili ni barabara inayouzunguka mlima na kuikata migongo yote, na hiyo ndiyo barabara kuu ya Embu hadi Meru. Mstari ulionyooka kati ya miji hiyo miwili haufiki kilomita 70, lakini barabara ina zaidi ya kilomita 100, kwa sababu kila inapofika kwenye mto hulazimika kujipinda, kushuka hadi darajani, kisha kupanda tena ng'ambo ya pili. Kabla ya kipande cha kati ya Thuci na Nkubu kujengwa kwa lami katika miaka ya 1980, safari hiyo ilikuwa ya udongo mwekundu, na katika majira ya mvua udongo huo huwa na utelezi ambao hata magari makubwa yaliuogopa.

Waendeshaji hupima ugumu wa safari kwa kile kinachoweza kuitwa jumla ya miinuko, ambayo hupatikana kwa kujumlisha mita zote zilizopandwa njiani bila kuondoa zile zilizoshukwa. Kipimo hiki ni muhimu sana hapa, kwani Embu na Meru ni miji ambayo vimo vyake juu ya usawa wa bahari havitofautiani sana, na mtu anayetazama namba hizo peke yake angedhani kwamba njia iliyo kati yake ni tambarare, hali ya kuwa mpando mmoja baada ya mwingine huongeza deni ambalo miguu italilipa. Mnamo Septemba 2025, Kigali ilipokuwa mji wa kwanza barani Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, wanaume walishindana kwa zaidi ya kilomita 260 na kupanda jumla ya zaidi ya mita 5,000, ingawa walikuwa wakiizunguka njia ileile ndani na pembezoni mwa mji mmoja. Vilima vya Rwanda viliwashangaza wengi waliokuwa wakitazama kutoka nchi za mbali. Mkazi wa Chuka au Igoji asingeshangaa, maana vilima vya namna hiyo ndivyo anavyopanda kila siku kwenda sokoni.

Hesabu ya kupanda ni rahisi, na inafaa kutajwa kwa sababu wengi huanza safari wakiwa hawajaifikiria. Mtu ambaye yeye pamoja na baiskeli yake wana uzito wa kilo 80 anahitaji kazi ya takriban kilojuli 785 kujiinua mita 1,000, na kwa kuwa misuli ya binadamu hugeuza sehemu isiyozidi robo ya chakula kuwa kazi, atatumia karibu kilokalori 800 kwa mpando huo tu, mbali na nguvu za kushindana na upepo na msuguano wa matairi. Ndiyo maana ndizi mbivu zinazouzwa kando ya barabara karibu kila kituo kati ya Chuka na Meru, pamoja na viazi vitamu na nduma za kuchemsha, si kitafunio cha kujifurahisha kwa mwendeshaji. Giya nazo hazimpunguzii kazi hiyo hata chembe. Zinachofanya ni kuigawa. Mnyororo ukihamia kwenye gurudumu la meno lililo kubwa nyuma, kila mzunguko wa kanyagio humpeleka mwendeshaji umbali mfupi zaidi lakini kwa kusukuma kwepesi zaidi, hivyo anaweza kudumisha mzunguko ulio sawa badala ya kusimama juu ya kanyagio na kuyachosha magoti.

Kushuka ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi kuliko kupanda, japokuwa wanaoanza huamini kinyume chake. Nguvu ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi, maana yake ni kwamba mwendeshaji anayeshuka kwa kilomita 60 kwa saa amebeba nguvu mara nne ya yule anayeshuka kwa kilomita 30, na umbali anaouhitaji ili breki zimsimamishe huongezeka kwa kiasi hichohicho. Katika mabonde ya Thuci na Nithi, mteremko huishia kwenye kona na daraja, mahali ambapo kosa halina nafasi ya kusahihishwa. Tarehe 24 Julai 2022 basi la abiria lilitumbukia katika bonde la Mto Nithi na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha, na hiyo haikuwa mara ya kwanza kwa daraja hilo kutajwa katika habari za msiba. Kama chombo chenye dereva wa kazi hiyo kinaweza kushindwa mahali hapo, mwendeshaji baiskeli anapaswa kupunguza kasi mapema kabla ya kona, kutumia breki zote mbili kwa vipindi, na kukaa tayari kwa lori ambalo breki zake zimepata moto.

Anayeifuata barabara kuu peke yake, hata hivyo, ataiona sehemu ndogo tu ya nchi, kwani utajiri wa eneo hili umepangwa kutoka juu kwenda chini. Juu kabisa kuna msitu wa asili, ambao ni hifadhi ya serikali na ambao, pamoja na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1949, uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1997. Chini ya msitu hufuata mkanda mwembamba wa chai unaojulikana kama Ukanda wa Chai wa Nyayo, ulioanzishwa katika miaka ya 1980 ili kuutenga msitu na mashamba ya watu, kisha chai ya wakulima wadogo wanaouza majani yao kwa viwanda kama Mungania na Rukuriri upande wa Embu, Weru upande wa Tharaka Nithi, na Kinoro, Kionyo, Imenti na Githongo upande wa Meru. Chini ya chai huja kahawa iliyochanganyika na migomba na migrevilea, na chini ya kahawa ardhi hukauka, mtama, wimbi na ndengu vikachukua nafasi, hadi Mbeere ambako muguka, yaani aina ya miraa, umekuwa zao la fedha. Mtu anayeshuka kwa baiskeli kwa saa mbili hivi anaweza kuzipita tabaka hizi zote na kuyahisi mabadiliko ya hewa katika ngozi yake, kutoka ukungu hadi jua kali.

Barabara za chai zinastahili kutajwa pekee. Hizi ni njia zilizochongwa ili malori yaweze kufika kwenye vituo vya kupimia majani hata wakati wa mvua, na kwa kuwa majani mabichi huharibika yasipofika kiwandani mapema, barabara hizo zilipewa umuhimu ambao njia nyingine za vijijini hazikuupata. Nyingi ni za changarawe, na chache zimewekwa lami katika miaka ya karibuni, lakini kwa yule mwenye baiskeli iliyo na matairi mapana kiasi, hakuna mahali pazuri kuliko hapo: magari ni machache, kivuli kipo, na kila baada ya umbali mfupi kuna kioski chenye chai ya maziwa na mandazi. Miezi ya Januari na Februari inafaa zaidi kuliko yote, kwani mvua za vuli huwa zimekwisha na za masika hazijaanza, ambapo Julai hutawaliwa na baridi na manyunyu.

Historia nayo inafuata migongo hiyohiyo. Embu ilikuwa mojawapo ya sehemu za mwisho za nyanda za kati kutiishwa na Waingereza, ambao walituma jeshi mwaka 1906 na kujenga kituo chao cha utawala mahali ulipo mji wa leo. Ukitoka mjini na kuelekea Runyenjes, barabara hukaribia kilima cha Kirimiri, chenye msitu uliobaki katikati ya mashamba, na katika eneo hilohilo la Runyenjes kuna kichaka kitakatifu cha Mwenendega, ambaye katika masimulizi ya Waembu ndiye baba wa kabila lao. Vichaka vya namna hii vilikuwa mahali pa sala na pa kuamulia mambo, na marufuku ya kukata miti yake ilitekelezwa kwa hofu ya Mungu na ya wazee muda mrefu kabla ya sheria ya misitu kuandikwa. Ni vyema kila anayepita hapo ajue kwamba miti anayoiona ikisimama imelindwa na imani, na ashuke kwenye baiskeli kwa heshima inayostahili.

Baada ya kuvuka Thuci mwendeshaji huingia Tharaka Nithi, nchi ya Wachuka, Wamuthambi na Wamwimbi, na hapo migongo huzidi kukaribiana. Jiografia hii ndiyo iliyoufanya msitu wa juu kuwa ngome ya wapiganaji wa Mau Mau kuanzia mwaka 1952, kwa sababu kila bonde lilikuwa njia ya siri ya kupandishia chakula kutoka vijijini. Serikali ya kikoloni ilijibu kwa kuwalazimisha wanavijiji kuchimba handaki refu kwenye ukingo wa msitu ili kuwatenga wapiganaji na jamaa zao, na kwa kuwakusanya watu katika vijiji vilivyozungushiwa ua. Katika eneo la Chuka, mwezi Juni 1953, askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles waliwaua raia wapatao 20 wasiokuwa na hatia, miongoni mwao wakiwa watu waliokuwa wakiitumikia serikali hiyohiyo kama walinzi wa vijiji. Meja Gerald Griffiths, aliyekuwa akiongoza askari katika operesheni hiyo, alifikishwa mara mbili mbele ya mahakama ya kijeshi. Mara ya kwanza aliachiliwa, na mara ya pili, mwaka 1954, akafungwa gerezani. Inasikitisha kwamba tukio zito kiasi hicho halijulikani kwa wengi wanaopita Chuka kila wiki, na kibao kimoja cha kumbukumbu kando ya barabara kingetosha kumfanya msafiri asimame na kusoma.

Juu kidogo ya barabara kuu kuna Chogoria, ambako Daktari Archibald Irvine wa Kanisa la Uskoti alianzisha misheni mwaka 1922, na hospitali iliyotokana nayo, ambayo sasa ni ya kanisa la PCEA, bado inawahudumia watu wa eneo hilo. Kutoka Chogoria huanza njia inayopenya msitu wa miti mikubwa, kisha mianzi, hadi lango la hifadhi lililo karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Ni mpando mkali ambao sehemu kubwa yake si lami, na anayeukusudia anapaswa kulipa ada zinazotakiwa, kuandamana na mwenyeji anayeufahamu msitu, na kukumbuka kwamba nyati na tembo ndio wenye njia. Ua wa umeme wa kuuzunguka mlima, ambao shirika la Rhino Ark na washirika wake walianza kuujenga mwaka 2012, umepunguza migogoro kati ya wanyama na wakulima, lakini ndani ya ua huo mwendeshaji ni mgeni.

Kati ya Nkubu na Meru barabara huvuka ikweta, na muda mfupi baadaye Mto Kathita humkaribisha msafiri mjini. Kituo cha Meru kilianzishwa mwaka 1908 na Edward Butler Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi, na jengo la kale la mawe lililotumiwa na watawala wa wilaya ndilo lililogeuzwa kuwa Makumbusho ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka 1974. Anayetaka kuelewa jinsi Ameru walivyojitawala kabla ya Horne afike pia Nchiru, kwenye njia ya kuelekea Maua, ambako Njuri Ncheke, yaani baraza kuu la wazee wa Ameru, lina makao yake. Msitu wa Imenti unaopakana na mji una miti ya muuru, ambao jina lake la kisayansi ni Vitex keniensis na ambao mbao zake zilithaminiwa mno hata ukakatwa kupita kiasi, na ndani ya msitu huo limo ziwa la Nkunga, lililojaza shimo la volkano. Ni mahali pa kupumzika baada ya safari, kwa sharti la kutoingia peke yako.

Ingekuwa kosa kuizungumzia baiskeli katika milima hii kana kwamba ni jambo la wageni na wanamichezo peke yao. Muda mrefu kabla ya baiskeli nyepesi kuonekana, walimu, wahubiri, makarani na wakulima wa kahawa walizipanda barabara hizi kwa baiskeli nzito za chuma zisizo na giya, zile ambazo Wakenya huziita Black Mamba, wakizisukuma kwa mikono pale mpando ulipowashinda. Wapo hadi leo wanaozitumia kupeleka maziwa, majani ya ng'ombe na mitungi ya maji, ingawa pikipiki imewapokonya kazi nyingi. Kenya pia imetoa waendeshaji waliojulikana duniani: David Kinjah, aliyewafundisha vijana wengi pale Kikuyu, Chris Froome, mwanafunzi wake aliyezaliwa Nairobi na kushinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, na marehemu Suleiman Kangangi, nahodha wa Timu Amani, aliyefariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Kijana wa Igoji anayepanda kilima kila asubuhi kwenda shule ana mapafu na miguu ya mchezo huu tayari. Asichokuwa nacho ni baiskeli, kocha na barabara salama.

Hilo la barabara ndilo lililo rahisi kutatuliwa, kwa kuwa liko mikononi mwa taasisi zilizopo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka zenye wajibu wa kuzitunza barabara za nchi, na barabara kuu ya Embu hadi Meru iko chini ya mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu. Katika sehemu nyingi za barabara hiyo ukanda wa pembeni, yaani kipande cha lami kilicho nje ya mstari mweupe, ni mwembamba au umeliwa na mmomonyoko, hivyo mwendeshaji baiskeli, mwenye mkokoteni na mtoto wa shule hulazimika kugawana njia moja na mabasi yanayoshuka kwa kasi. Upande wa pili wa mlima, kwenye barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru, ilijengwa njia ya chini ili tembo wavuke kati ya Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare bila kukutana na magari, na tangu mwaka 2011 tembo wamekuwa wakiitumia. Nchi iliyoweza kumfikiria tembo na kumjengea njia yake ina uwezo wa kumfikiria binadamu aliye juu ya magurudumu mawili. Kaunti za Embu, Tharaka Nithi na Meru, pamoja na mamlaka husika, zinaombwa zianze na miteremko ya Thuci na Nithi, zipanue ukanda wa pembeni kwa upande unaopanda, ambako baiskeli huenda polepole zaidi, na zifanye hivyo kabla ya msiba mwingine kuzilazimisha.